Kusubiri liharibike, kufuata kilomita au kupima hali: njia ipi ya matengenezo imfaa mwenye mabasi na malori?

Mwenye basi akiuliza gari lake litengenezwe lini, atapewa majibu matatu. Fundi wa kwanza atamwambia aache kila kifaa kifanye kazi mpaka kife, kwa kuwa kubadilisha kitu kizima ni kutupa fedha. Wa pili atampa ratiba: kilomita kadhaa oili, kilomita kadhaa pedi za breki, kilomita kadhaa beringi na mikanda, iwe imechoka au haijachoka. Wa tatu atamwambia asihesabu kilomita, bali akitazame kifaa chenyewe, apime, asikilize, aguse, na abadilishe pale dalili inapojitokeza. Kila njia ina watu wanaoiapia, na kila moja imewahi kumwacha mtu na gari juu ya mawe.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye gari moja hadi hamsini, za abiria au mizigo, katika barabara zetu, ambaye fedha zake hazitoshi kufanya kila kitu na kwa hiyo lazima achague. Nimekaa gereji kwa muda wa kutosha, nikishika daftari la magari, kufikia msimamo mmoja: hakuna njia inayolifaa gari zima. Uchaguzi hufanywa kifaa kwa kifaa, na unaamuliwa na maswali mawili tu. Kifaa hiki kikifa, kinaleta nini? Na kabla ya kufa, kinatoa taarifa au kinakwenda kimya?

Kwanza tukubaliane tunapima nini

"Gari zuri" ni maneno yenye maana mbili zinazovutana. Mwenye gari huhesabu siku ambazo gari limeingiza fedha, na hesabu hiyo tuiite upatikanaji. Abiria aliyepanda alfajiri katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi hana haja nayo; anachotaka kujua ni kama basi hilo litafika Mbeya bila kulala njiani, na hapo ndipo tunapozungumzia kutegemeka.

Chukulia basi la kwanza huharibika kwa wastani kila baada ya siku 30 za kazi, na kila likiharibika hukaa gereji siku 3. Upatikanaji wake ni 30 kwa 33, yaani asilimia 91 hivi. Basi la pili huharibika kila baada ya siku 20, lakini fundi hulimaliza kwa nusu siku, kwa hiyo upatikanaji wake unakaribia asilimia 98. Kwa daftari la mapato, la pili ni bora. Lakini katika siku 330 la kwanza limeharibika mara 10, na la pili mara 16, na kila mara moja kati ya hizo ni watu waliokaa juani kando ya barabara wakisubiri gari lingine. Fundi hodari anayefufua magari haraka anaweza kuificha hali hii kwa miaka, mpaka abiria wahame. Ndiyo maana naomba kila mwenye gari aandike namba mbili, siku za gereji na mara za kuharibika barabarani, na asikubali moja ifunike nyingine.

Kuna hesabu ya pili ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini gari lenye vifaa "vizuri tu" husumbua. Tuseme basi lina vifaa 50 ambavyo kimoja kikifa safari inasimama, na kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 99 wa kumaliza safari. Uwezekano wa basi kufika haubaki asilimia 99, kwa sababu vifaa hivyo vinazidishana, na jibu lake ni takribani asilimia 60. Kila kifaa kikipanda hadi asilimia 99.9, basi linafika mara 95 kati ya 100. Tofauti ambayo kwa jicho haionekani kwenye kifaa kimoja, kwenye gari zima ndiyo tofauti kati ya kampuni inayoaminika na ile inayokimbiwa.

Kusubiri liharibike

Njia hii hudharauliwa kuliko inavyostahili. Taa ya ndani, redio, swichi ya feni, mkono wa kiti: vitu hivi vikifa hakuna anayeumia, safari haisimami, na kuvikagua kwa ratiba ni kupoteza saa za fundi. Viache vife, ubadilishe jioni gari likirudi. Hata baadhi ya vifaa vya umeme vya magari ya kisasa, kama sensa na vidhibiti vya injini, huingia kundi hili kwa sababu nyingine: havichakai taratibu kama pedi ya breki, bali hufa ghafla, kipya na kizee kwa kiwango kinachokaribiana. Kubadilisha sensa nzima kwa sababu imefikisha miaka mitatu hakukupi usalama wowote wa ziada. Dawa yake ni kuwa na spea moja stoo na mashine ya kusoma makosa.

Ubaya wa njia hii huanza pale inapotumiwa bila kuchagua, na ubaya huo una sura mbili. Sura ya kwanza ni kifaa kidogo kuua kikubwa. Beringi ya pampu ya maji huanza kwa mlio mwembamba na tone la maji chini ya injini asubuhi. Ikiachwa, inakwama, mkanda unaruka, maji yanaacha kuzunguka, gari linachemsha, na dereva aliyebakisha kilomita kumi kufika mjini anaamua kujikaza. Hapo silinda hedi imepinda, gasketi imeungua, na wakati mwingine injini imenoki. Kilichokuwa kazi ya saa tatu kimegeuka oveholi. Na gari likilala njiani hasara haiishii kwenye spea. Basi la viti 50 lenye nauli ya shilingi 40,000 likikosa safari moja ya kwenda na moja ya kurudi, shilingi milioni 4 hazikuingia, kabla hujalipa gari la kuwachukua abiria, gari la kuvuta, na bei ya spea ambayo muuzaji wa njiani anajua huna pa kukimbilia.

Sura ya pili haina hesabu ya shilingi. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria karibu na Igandu mkoani Dodoma iliporomoka ikirudi nyuma mlimani, breki zikashindwa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikifuata. Watu 281 walikufa. Breki, stelingi, matairi ya mbele, nati za magurudumu na mahali tela linapounganishwa na kichwa cha lori haviingii kamwe katika njia hii, hata kama mwenye gari ana gari moja na deni benki. Kwa vifaa hivyo chaguo linabaki kati ya njia mbili zinazofuata.

Kufuata kilomita na kalenda

Ratiba ndiyo njia inayofundishwa kwanza, nayo ina nguvu yake halisi mahali pamoja: pale kifaa kinapochakaa kwa umri au kwa kazi, na uchakavu wake hauonekani mpaka siku ya mwisho.

Mfano ulio wazi ni mkanda wa taimingi. Katika injini za dizeli za Toyota zilizobeba Hiace nyingi za mji, kama 3L na 5L, mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa nje umefunikwa, haupigi kelele, na ukikatika valvu na pistoni hugongana ndani ya sekunde moja. Kusubiri dalili ni kujidanganya. Aliyenunua gari lililotumika, ambalo namba za kilomita zake hazina wa kuzithibitisha, aubadilishe siku anayolipokea, aandike kilomita hizo kwa rangi pembeni ya injini, kisha aanze kuhesabu upya.

Mfano wa pili unapuuzwa zaidi, nao unaua zaidi: mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limepaki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 140. Kwenye barabara ya tambarare hutaona tofauti. Teremka mlima wa Kitonga na coaster iliyojaa, mguu ukiwa juu ya breki, joto la magurudumu linapanda, mafuta yanachemka ndani ya bomba, mvuke unatokea, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga pedali na pedali inakwenda mpaka sakafuni. Gari likipoa, breki zinarudi, na fundi anayelikagua jioni haoni kasoro. Watu wa Zanzibar, Tanga, Mombasa na pwani yote, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, wayabadilishe kila baada ya miaka miwili bila kungoja rangi iwe nyeusi.

Oili na filta ni za ratiba pia, ila ratiba ya kitabu cha gari lazima isomwe mpaka mwisho. Vitabu vingi vina safu mbili, matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na safu ya pili hufupisha muda, mara nyingi hadi nusu. Vumbi, kusimama na kuondoka kila mita mia tatu, kubeba kupita kiasi, kuunguruma saa nzima kwenye foleni: hayo ndiyo matumizi magumu, na ndiyo maisha ya daladala kila siku. Anayefuata safu ya kwanza hapa kwetu amefuata ratiba ya nchi nyingine.

Na ratiba ikishawekwa, kuivuta mbele ni hatari inayokuja taratibu. Ndege ya Alaska Airlines, safari namba 261, ilianguka baharini karibu na California tarehe 31 Januari 2000 na kuua watu wote 88. Skrubu kubwa ya mkiani inayorekebisha mwelekeo wa ndege ilikuwa imekosa grisi, nyuzi za nati yake zikalika mpaka zikaisha. Kipindi cha kuipiga grisi kilikuwa kimerefushwa hatua kwa hatua kwa miaka, kikafika miezi 8. Kila hatua, ikitazamwa peke yake, ilionekana ndogo. Mwenye basi anayesema "wiki hii tumebanwa, oili tutamwaga wiki ijayo" yuko katika ngazi hiyohiyo.

Baada ya kuisifu ratiba kiasi hicho, lazima niseme inapokosea, kwa sababu mafundi wazuri wengi huiamini kupita kiasi. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United, Stanley Nowlan na Howard Heap, waliandika ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani wakionyesha jinsi vifaa vya ndege vinavyoharibika. Imani ya wakati huo ilikuwa kwamba kila kifaa kina umri wake, na ukikibadilisha kabla ya umri huo umeshinda. Walikuta kwamba asilimia 11 tu ya vifaa ndivyo vilivyoonyesha uchakavu wa umri kwa namna ambayo ratiba ingesaidia. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya, mara baada ya kufungwa, kisha hatari ikashuka na kutulia. Fikra hiyo ilikuwa imeshabadilisha kazi hata kabla ya ripoti kuandikwa: ndege ya DC-8 ilikuwa na vifaa 339 vya kufanyiwa oveholi kwa ratiba, na DC-10 iliyokuja baadaye ilikuwa na 7, bila usalama kupungua.

Jambo hilo nimeliona kwa macho yangu. Gereji niliyofanyia kazi ilikuwa na sheria ya kufungua habu zote za magurudumu kwa kilomita maalumu na kuweka beringi mpya, hata za zamani zikiwa zinazunguka kimya. Basi moja lilitoka kazi hiyo Ijumaa usiku likionekana jipya. Jumamosi, kabla halijamaliza kilomita 200, gurudumu la nyuma kushoto lilianza kufuka moshi. Tulipolifungua tulikuta beringi mpya imegeuka rangi ya bluu kwa joto, na nati yake imekazwa kupita kiasi na kijana aliyekuwa kazini tangu asubuhi. Beringi ya zamani, nzima kabisa, ilikuwa bado kwenye ndoo ya mafuta machafu pale gereji. Kila mara spana inapogusa gari kuna nafasi ya kukosea, na ratiba inayofungua vitu visivyohitaji kufunguliwa inanunua makosa hayo kwa fedha. Kwa sababu hiyohiyo gurudumu lililofungwa upya lazima nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kupima hali

Njia ya tatu inategemea ukweli mmoja: vifaa vingi haviharibiki kwa siku moja. Kuna siku dalili ya kwanza inapoweza kugunduliwa, na kuna siku kifaa kinapokufa, na kati ya siku hizo mbili kuna muda. Ukaguzi una faida kama unaangukia ndani ya muda huo, na kanuni inayotumika ni kukagua kwa kipindi kisichozidi nusu yake. Beringi inayolia kwa wiki nne kabla ya kufa ikaguliwe kila wiki mbili au chini ya hapo. Ukiikagua kila mwezi, inaweza kuanza kulia siku ya pili baada ya ukaguzi na kufa siku moja kabla ya ukaguzi unaofuata.

Watu husikia "kupima hali" wakafikiria kompyuta na vifaa vya bei mbaya. Vipo, na wenye uwezo huvitumia. Wajapani wana treni ya njano inayoitwa Doctor Yellow, ambayo hupita njia ya Shinkansen, treni zao za mwendo kasi, takribani kila siku 10 kwa mwendo unaofika kilomita 270 kwa saa, ikipima reli na nyaya za umeme huku ikitembea. Mwaka 2025 moja kati ya hizo mbili ilistaafishwa, na kazi yake inahamishiwa kwenye treni za abiria zilizofungwa vipimo. Lakini vipimo vingi vya maana kwa basi la hapa kwetu vinahitaji mkono, sikio na dakika ishirini.

Shuka mlima mrefu, simama mahali salama pa kwanza, kisha zunguka gari ukipeleka mgongo wa mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Magurudumu manne yenye joto linalolingana ni habari njema. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii au beringi yake inakufa. Moja likiwa la baridi, usifurahi: gurudumu hilo halikufunga breki kabisa, na yale mengine yamebeba kazi yake. Nimewaona madereva wenye uzoefu wa miaka mingi wakitafuta gurudumu la moto tu, huku la baridi likipita bila kuulizwa.

Au nenda chini ya basi lenye breki za upepo kabla ya safari, uvute kipete kilicho chini ya tangi la hewa, ukinge kiganja. Matone machache ya maji safi ni kawaida ya asubuhi. Maji mengi kila siku yanaonyesha kwamba kikausha hewa kimechoka. Ukimiminikiwa na kitu cheusi chenye utelezi, au cheupe kama maziwa, kompresa inapitisha oili, na oili hiyo hivi sasa inalainisha na kuvimbisha mipira ya valvu za breki zote. Kipimo hicho hakina gharama, kinachukua nusu dakika, na kinakuambia habari ya miezi mitatu ijayo. Ongeza kile kinachofundishwa kwa madereva wa magari makubwa Marekani: injini imezimwa, tangi limejaa, breki imekanyagwa na kushikiliwa, sindano isishuke zaidi ya paundi 3 kwa dakika moja kwa gari lisilo na tela, au paundi 4 kwa lenye tela.

Matairi nayo huzungumza. Likilika upande mmoja, linadai alaimenti; likilika kwa mabonde mabonde, shokapu zimekufa; likilika katikati, upepo ni mwingi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na kashata, yaani maua ya tairi, hata ikiwa nzima haiondoi umri wa mpira. Hapa hali na kalenda husomwa pamoja.

Udhaifu wa njia hii ni mkubwa na lazima usemwe waziwazi. Kwanza, haioni kilichojificha. Tarehe 3 Juni 1998 treni ya mwendo kasi ya ICE ilianguka Eschede nchini Ujerumani na watu 101 wakafa. Ufa ulianzia upande wa ndani wa chuma kinachozunguka gurudumu, mahali ambapo jicho la mkaguzi anayetazama kwa nje haliwezi kufika. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, dalili ikishaonekana lazima pawe na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha gari. Huko Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000 reli ilivunjika vipande vipande chini ya treni na watu wanne wakafa. Nyufa zilikuwa zimejulikana kabla, na reli mpya ilikuwa imeshaletwa kando ya njia ikisubiri kufungwa. Kupima kulifanyika, kutenda kukachelewa.

Kwetu jambo hilo huchukua sura ya dereva anayesema, "Bosi, gari lina mlio nyuma," akajibiwa apeleke tu abiria kwanza. Akijibiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hasemi. Mwenye gari anayechagua kupima hali amechagua pia kuwasikiliza dereva, kondakta na utingo, na kuwalipa siku ambayo gari limesimama kwa ajili ya taarifa yao. Asiyeweza hilo asijidanganye na njia hii. Abaki kwenye ratiba, ambayo angalau haihitaji mtu jasiri.

Kipi kwa nani

Mwenye gari moja, Hiace au coaster, anayetegemea gari hilo kula, achukue ratiba kuwa uti wa mgongo: oili na filta kwa safu ya matumizi magumu, mafuta ya breki kwa kalenda, mkanda wa taimingi kwa kilomita, grisi kila wiki mpaka ile ya zamani itoke ikiwa imebadilika rangi kwa vumbi jekundu. Juu yake aongeze ukaguzi wa dakika ishirini wa alfajiri, kwa mikono yake au ya dereva. Hana haja ya kununua kifaa chochote zaidi ya kipimo cha upepo wa matairi na tochi nzuri. Ana haja ya daftari, kwa sababu bila tarehe na kilomita hakuna ratiba, kuna kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mtu mwenye madeni hupendelea kusogeza siku.

Mwenye magari matano hadi kumi na tano yuko mahali pagumu zaidi, na kwake ningetumia fedha kwanza kwenye mtu: fundi mmoja asiyefungua kitu siku nzima, ambaye kazi yake ni kukagua magari yanaporudi na kuandika. Mafundi wengine hawatampenda mwanzoni. Baada ya mwaka daftari lake litaonyesha vifaa vinavyokufa kwa umri na vile vinavyokufa ovyo, na hapo atajua ratiba ipi aifute na ipi aikaze. Akiwa na magari ya aina moja, faida huongezeka mara nyingi, kwa sababu beringi ya gari la tatu inamfundisha kuhusu gari la saba. Mchanganyiko wa aina nne za injini kwenye uwanja mmoja huharibu elimu hiyo yote, hata kama kila gari lilinunuliwa kwa bei nafuu.

Kwenye magari thelathini na kuendelea, kupeleka sampuli ya oili ya injini maabara kunaanza kulipa, kwani chuma, shaba na mchanga uliomo ndani yake hutaja kinacholika kabla sikio halijasikia. Kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari ambacho mabasi ya masafa marefu Tanzania hufungwa kwa usimamizi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinafahamika kwa kubana mwendo kasi; msimamizi mwerevu akisome pia kama daftari la kilomita na la jinsi gari linavyokanyagwa breki, kwa kuwa dereva anayefunga breki ghafla mara kwa mara anamaliza pedi mapema.

Kuhusu gereji, sina mengi. Fundi wa mtaani anafaa sana kwa kazi za ratiba zinazoonekana, mradi usimame pale na spea ununue mwenyewe. Wakala wa kampuni ya gari anafaa kwa pampu ya dizeli, gia boksi na umeme wa injini, ambako kukosea mara moja ni ghali kuliko ankara yake. Spea zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai na Sharjah zinaweza kufaa kwa milango, taa, hata gia boksi iliyojaribiwa. Kwa breki, stelingi na beringi za magurudumu zisitumike, kwa sababu hujui zimebaki na maisha kiasi gani, na kifaa usichokijua umri huwezi kukiwekea ratiba.

Limebaki lori la msimu, lile linalobeba mazao miezi mitano na kusimama uani miezi saba. Kilomita zake ni chache, kwa hiyo mwenye lori huamini kwamba halidai kitu. Kwake kalenda inatangulia kila kitu kingine. Mwezi mmoja kabla ya mavuno amwage maji yaliyojikusanya chini ya tangi la dizeli, abadilishe filta, akague mipira ya breki iliyokauka kwa jua, alisogeze lori ili matairi yasibaki yamekalia upande mmoja, kisha alijaribu breki likiwa tupu na baadaye likiwa na nusu ya mzigo, kwenye barabara isiyo na mlima, ndipo alipeleke shambani.